Rika la King'ora

King'ora kililia mara moja, kirefu, kikanyamaza.

Kilikuwa king'ora cha kiwanda cha mkonge, kikiwaita watu wa zamu ya mchana, wala hakikuwa na habari na Nkoitiko. Lakini ndiyo sauti aliyobaki nayo hadi leo, na sasa ana miaka arobaini na moja, au na mbili, hana hakika. Muulize Mmaasai yeyote wa tambarare za Handeni alisikia nini siku aliyotahiriwa. Atakwambia alisikia nyimbo. Atakwambia alisikia matusi ya vijana waliomzunguka wakimtisha asithubutu kupepesa jicho, na kengele za ng'ombe wakifunguliwa alfajiri. Nkoitiko alisikia harufu ya spiriti, akasikia king'ora, akamsikia mganga wa zahanati akimwambia kwa lafudhi ya Kisambaa, "Tulia mwanangu, bado kidogo." Hakupepesa jicho. Hakuna aliyeona.

Kosa lilikuwa la baba yake, ingawa ni vigumu kumlaumu mtu aliyekuwa anakufa. Wamaasai hawahesabu umri kwa miaka, wanahesabu kwa rika. Wazee hufungua kisu, na vijana wote wanaotahiriwa katika kipindi hicho huwa rika moja, wenye jina moja, mpaka kaburini. Kisha kisu hufungwa, watu wakasubiri hadi kifunguliwe tena kwa rika jingine. Mwaka ule kisu kilikuwa kimefungwa. Rika la Landisi lilikwisha kukamilika, la Korianga lilikuwa halijaanza. Lakini baba yake Nkoitiko alikuwa na kifua kilichokuwa kinamla taratibu, na hakutaka kufa akiacha mvulana nyuma yake. Wakati huo walikuwa wamehamia upande wa Korogwe kuuza maziwa kwenye kambi za vibarua wa mkonge, na likizo ilipofika watoto wa vibarua walikuwa wanapelekwa zahanati kutahiriwa. Mzee akamshika mwanawe mkono, akamweka kwenye foleni ileile. Alifariki kabla ya mvua, akiwa na furaha yake. Wengine wote walibaki na tabu.

Maana rika hupewa jina, na jina huja na tabia zake. Landisi, watu husema, ni wakali, hawasahau, wanapenda ng'ombe kuliko maneno. Korianga ni watu wa mzaha na simu, ulimi laini, miguu haikai nyumbani. Mtu akigombana mnadani, hakuna anayesema fulani ana hasira. Husema, "Si ni Landisi yule?" Habari imekwisha. Na Nkoitiko je? Akikasirika, Landisi walimwambia aache kujifanya mtu mzima. Akifanya mzaha, Korianga walicheka nusu, kama watu wanaomchekea mgeni. Akinyamaza, wote walisema, "Ndivyo alivyo," bila kueleza alivyo vipi.

Jambo moja lilimuuma kuliko mengine, nalo ukimwambia mtu wa mjini ataona ni dogo. Vijana wa rika moja husukana nywele. Hukaa chini ya kivuli, mmoja kichwa mapajani mwa mwenziwe, wanapaka udongo mwekundu na mafuta, wanasuka nyuzi nyembamba siku nzima huku wanasengenya. Korianga walipoanza, Nkoitiko alikuwa amekwisha kupona zamani, akakaa nao kwa kuwa hakuwa na wengine wa kukaa nao. Akajifunza kusuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, wakampangia foleni. Alisuka vichwa vya rika zima. Chake hakuna aliyekigusa. Hawakuwa na ubaya naye. Ila kusukana ni kwa wenye rika, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeanza.

Vidole hivyo ndivyo vinavyomlisha. Ana kigoda chake karibu na stendi ya Korogwe, anasuka rasta na twende kilioni, akina mama wanamwita "Masai" kama vile hakuna Masai mwingine duniani. Mwisho wa wiki huvuka kwenda Handeni kwa mkewe Naanyu na ng'ombe wake wachache. Pembeni ya kigoda chake kuna kibanda cha Bonaventura, fundi simu na redio, mjukuu wa manamba aliyeletwa kutoka kusini kukata mkonge. Ujirani wao ni wa zamani kuliko kibanda. Bonaventura alikuwa kwenye foleni ileile ya zahanati, mbele yake tu, naye alilia sana, na anakiri.

"Mimi na wewe ni rika moja," Bonaventura humwambia. "Rika la king'ora."

"Rika gani la watu wawili?"

"Kwani ulitaka wangapi?"

Bonaventura ana ugonjwa wa nyota. Alianza kwa kusikiliza redio, akaendelea na programu ya kwenye simu, na sasa mteja akileta simu iliyopasuka kioo anaondoka na kioo kipya na habari za sayari. Wala si sayari za karibu. Hizo anazidharau.

"Zuhura, Mirihi, Utaridi, hizo zinakimbia," alimwambia Edna siku moja, Edna akiwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama msitu. Edna anauza mitumba sokoni na hana subira. "Hizo zinamgusa mtu mmoja mmoja. Lakini kuna za mbali. Uranusi, Neptuni, Pluto. Zinajikokota. Pluto inaweza kukaa kwenye nyota moja miaka kumi na mbili, mpaka thelathini. Wote mnaozaliwa humo mnaogeshwa maji yaleyale. Ndiyo maana kizazi kizima kinakuwa na tabia moja."

"Kwa hiyo mimi na shemeji yangu tumeogeshwa maji mamoja?"

"Mmezaliwa mwaka gani?"

"Mimi tisini na mbili. Yeye tisini."

"Nge wote wawili. Watu wa Pluto kwenye Nge hawasemi uongo mdogomdogo. Wanasubiri, wanasema mmoja mkubwa."

Edna akageuka, Nkoitiko akamrudisha kichwa. "Basi umemjua, na wala hujamwona. Masai, usinivute hivyo, nywele hizo ni zangu, sijakodi."

Nkoitiko aliendelea kusuka, akitafuna hasira yake kimya. Kwake yeye, fundi simu na wazee wa Handeni walikuwa kitu kimoja. Hawa wana kisu, huyu ana simu. Wote wanawafunga watu mafungu kama kuni, kila fungu na tabia zake, na katika mafungu yote hayo yeye alidondoka njiani. Aliwahi kumpa Bonaventura kitambulisho chake ili amsomee. Tarehe ya kuzaliwa ilisema mosi Julai 1984. Bonaventura alihangaika na simu yake hadi chai ikapoa.

"Umenipatia mwaka mbaya," alisema. "Mwaka huo Pluto ilikuwa imekwisha kuingia Nge. Mwezi wa tano ikageuka ikarudi Mizani, kama mtu aliyesahau fimbo ndani. Mwishoni mwa mwezi wa nane ikaingia Nge tena, ikakaa. Julai mosi ilikuwa Mizani. Wewe ni wa kizazi cha nyuma, lakini kwa mguu mmoja."

"Tarehe hiyo alinibunia karani. Mama alisema nilizaliwa kwenye mvua."

"Julai hakuna mvua."

"Ndiyo nakwambia."

"Mvua ipi, masika au vuli?"

"Sikumuuliza, na sasa hayupo."

Bonaventura akamrudishia kitambulisho taratibu, kwa mikono miwili. Hata mbinguni, Nkoitiko aliwaza, wamenikosa.

Angeweza kuishi hivyo mpaka uzee, akinung'unika na kusuka, kama Lomayani asingekuja nyumbani kwake baada ya mvua za masika.

Lomayani si mtu mbaya, na hilo lilizidi kumkera Nkoitiko. Angekuwa mwovu ingekuwa rahisi. Ni Landisi wa mwishomwisho, mtu wa heshima, mwenye wake wawili na ng'ombe wengi, na ndiye aliyechimba lambo ambalo maboma yote ya upande ule hunywesha mifugo kiangazi. Alikuja na asali na tumbaku, akaketi na baba mdogo wa Nkoitiko, akamwomba Nemayian. Baba mdogo akapokea asali. Nkoitiko alikuwa Korogwe siku hiyo, anasuka kichwa cha bibi harusi.

Nemayian ndiye binti yake wa kwanza. Ana miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na amepata nafasi chuo cha mifugo. Si msichana wa maneno mengi. Tangu utotoni alikuwa anamfuata bwana mifugo kwenye josho, akimshikia bomba la sindano, na sasa ng'ombe wa majirani wakivimba wanaitwa wote wawili. Baba yake aliporudi, alimkuta anasaga mahindi.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Lomayani nimekuwa nikimwinamishia kichwa tangu sijajua kuongea." Kwa Wamaasai mtoto humsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, mkubwa akaweka kiganja juu yake. "Mimi siwezi kumwinamishia mtu kwa sababu mbili. Ama ni baba, ama ni mume."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema chuo kinafunguliwa Oktoba."

Usiku ule Naanyu alimpangia mumewe jambo lenyewe kama anayepanga vibuyu. "Binti wa rika lako ni binti yako. Hiyo sheria hata Lomayani hawezi kuivunja, atalaaniwa. Ukiwa Landisi, Nemayian ni mwanawe, haolewi. Ukiwa Korianga, anaruhusiwa. Ukiwa si huku wala huku, huna rika la kukusemea, na baba yako mdogo ndiye anaamua. Na ameshalamba asali."

"Mimi nimekula na Korianga maisha yangu yote."

"Najua," Naanyu akasema. "Ndiyo maana nakwambia."

Hapo ndipo palipomchanganya akili. Watu pekee waliokuwa tayari kusimama naye ni Korianga. Meitamei, mtoto wa shangazi yake, Korianga wa damu, alikuja asubuhi iliyofuata akiwa amejaa moto. Huyu ndiye rafiki aliyekuwa naye karibu kuliko ndugu. Hawajawahi kuamkiana vizuri hata siku moja. Meitamei humwita "Bwana Mpaka", naye humwita Meitamei "Kichwa Kikubwa" kwa sababu zamani kilimchukua siku nzima kukisuka.

"Bwana Mpaka, usiogope. Tutakuja Korianga wote, tutasema wewe ni wetu. Hawatakuonea."

"Mkisema mimi ni wenu, mnamuoza mtoto."

Meitamei akachora chini kwa fimbo, akafuta kwa mguu. "Sasa ni laana gani hii? Tukikupenda tunakuumiza."

"Kachunge ng'ombe zako, Kichwa Kikubwa."

Basi Nkoitiko akaanza kuwafuata Landisi. Miaka yote alikuwa akiwakwepa, sasa akawa anapanda bodaboda kila Jumamosi kwenda kuwaomba wamtambue. Walimzungusha. Mara kiongozi wao kaenda Kilindi. Mara njoo baada ya mnada. Baada ya mnada, njoo baada ya chanjo. Siku moja aliketi nje ya boma la kiongozi huyo tangu asubuhi, akaletewa chai, hakuletewa jibu. Siku nyingine aliwakuta kwenye kibanda cha nyama choma, wanaume watano wenye mvi zinazoanza, wakamkaribisha kwa kejeli ya upole, ile inayouma zaidi.

"Miaka yote hukututaka, Nkoitiko."

"Miaka yote hamkunitaka."

"Sisi tulikuwa tunakula nyama porini wakati wewe unatibiwa na vibarua."

"Nilitahiriwa. Sikutibiwa."

Wakacheka. Mmoja wao, aliyekuwa na huruma kidogo, akamwambia, "Sikiliza. Wazee wa Makaa, rika lililotutangulia, watakaa kwenye josho Alhamisi ya wiki ijayo kuamua hili jambo. Wewe tafuta Landisi mmoja, mmoja tu, aliyewahi kukuita rika. Akisimama akasema, tumemaliza. Umpate wapi, hilo hatujui."

Alirudi Korogwe akiwa amechoka mpaka kwenye kucha. Edna alikuja kusukwa tena, nywele za ubatizo wa mtoto, akamkuta anasuka mistari imepinda.

"Masai, leo unanilimia shamba?"

Akafumua, akaanza upya. Bonaventura alikuwa ameinama juu ya redio iliyofunguliwa tumbo. Nkoitiko akamweleza yote, hata yale ambayo hakukusudia kuyaeleza, na akamaliza kwa ukali, kama vile kosa ni la Bonaventura. "Wewe na nyota zako. Niambie leo, mimi ni wa kizazi gani?"

"Sijui."

"Hujui kitu."

"Ndiyo, sijui," Bonaventura alisema bila kukasirika. Akapuliza vumbi kwenye redio. "Lakini hawa wanataka mtu aliyekuita. Maneno yanakanwa, bwana. Unajua Neptuni ilipatikanaje? Hakuna aliyeiona kwanza. Waliona Uranusi inapepesuka, haipiti pale walipohesabu itapita. Wakasema huko mbali kuna kitu kinaivuta. Wakaelekeza darubini, wakakikuta. Usitafute aliyekuita. Tafuta nani alipinda njia kwa sababu wewe ulikuwepo."

Edna akasema, "Mbona mkono umesimama? Masai? Umelala?"

Hakulala. Alikuwa amesimama na uzi wa nywele mkononi, anaangalia upande wa mto, mahali ambapo yeye peke yake alikuwa anaona ng'ombe.

Ilikuwa kiangazi kile kilichofuata kifo cha baba yake. Malisho ya Handeni yalikuwa yamekwisha, watu wakasogeza mifugo kuelekea mto Pangani. Nkoitiko alikuwa na ng'ombe wachache wa marehemu, amepona juzi tu, amevaa shuka nyeusi ya waliotoka kutahiriwa ambayo hakuna aliyemwambia aivue lini. Jioni moja alimkuta Lomayani peke yake. Wenzake walikuwa wameondoka kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wakamwachia kundi. Siku zilikuwa zimepita. Lomayani wakati huo alikuwa morani, nywele ndefu nyekundu, mrefu, mzuri wa kutazama, na alikuwa anakufa njaa mbele ya maziwa. Maana morani hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo wa rika lake, hata mmoja. Akinywa peke yake ni aibu asiyoweza kuifuta, na akinywa na mvulana asiye na rika ni aibu iliyozidi hiyo. Kibuyu kilikuwa kimejaa miguuni pake, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

Alimtazama Nkoitiko kwa muda mrefu. Akatazama nyikani, hakuna mtu. Kisha akasogea pembeni kwenye jiwe alilokalia, akaacha nafasi.

"Kaa, tunywe."

Walikunywa kwa kupokezana, kibuyu kimoja, mpaka kikaisha. Wenzake waliporudi kesho yake, Lomayani alimfukuza Nkoitiko kwa fimbo kama mtoto aliyepotea njia. Nkoitiko hakumwambia mtu. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Alhamisi ilipofika, watu walikaa kwenye kuta za saruji za josho, harufu ya dawa ya kupe ikiwakaba. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuogeshwa. Mzee Abraham, msemaji wa Makaa, aliyebatizwa uzeeni na bado anashika usinga, aliketi katikati. Landisi upande huu, Korianga upande ule. Nkoitiko hakujua aketi wapi, akasimama. Baba mdogo alikohoa. Wanawake walikuwa mbali kidogo karibu na pampu, na Nemayian alikuwa anaosha mabomba ya sindano kwenye ndoo, bila kuinua uso.

Landisi walisema hawamjui. Korianga, akiwemo Meitamei, walikuwa wameshakubaliana wanyamaze, na ukimya wao ulimchoma Nkoitiko kuliko kelele za wengine. Mzee Abraham akamgeukia. "Kijana, huna wa kukusemea. Sema mwenyewe."

"Shikamooni wazee. Mimi sina shahidi. Nina swali moja tu, kwa Lomayani."

"Muulize."

Nkoitiko alikuwa ameyapanga maneno tangu Korogwe, yalikuwa marefu na yenye makali. Alipofungua mdomo yakamtoka machache. "Kiangazi cha baba yangu. Kule mtoni, wenzako walipofuata ng'ombe. Yale maziwa ulikunywa na nani?"

Hapakuwa na mtu asiyeelewa. Hata watoto waliokuwa wanachezea matope waliacha. Kama Nkoitiko hakuwa rika, basi Lomayani alikunywa na mvulana, na umorani wake wote, heshima yake, lambo lake, vingepakwa uchafu mbele ya watu ambao wangeimba habari hiyo kwenye sherehe hadi wajukuu wake wazeeke. Kama alikunywa na rika lake, basi msichana aliye kwenye pampu ni binti yake. Angeweza kusema hakunywa kabisa. Hakuna aliyeona.

Lomayani aliitazama saruji iliyo mbele yake. Alikuwa amenenepa, na mvi zilikuwa zimeshika ndevu, lakini mdomo ulikuwa uleule. Alipitisha ulimi juu yake, kama mtu anayekumbuka ulivyokuwa umepasuka.

Landisi mmoja akamhimiza kwa sauti ya chini, "Kana tu, mtu wangu. Nani atajua?"

"Nilikuwa na njaa," Lomayani alisema. Kisha akanyoosha mgongo. "Nilikunywa na rika langu. Alikuwa amekaa kulia kwangu. Ni yule pale."

Mzee Abraham alitikisa usinga, kana kwamba anafukuza nzi. "Na binti?"

Lomayani alitazama upande wa pampu. "Binti ni wangu," akasema. "Namwomba baba mdogo anirudishie asali."

Watu wakacheka, kicheko cha kutua mzigo, na baba mdogo akasema asali imebaki nusu, wakacheka tena. Nemayian aliitwa. Alikuja akipangusa mikono kwenye sketi, akasimama mbele ya Lomayani, akainamisha kichwa. Lomayani akaweka kiganja chake juu yake. Kilikaa pale kidogo kuliko kawaida, labda kwa masikitiko, labda kwa sababu nyingine, kisha akakiondoa. "Ukifika huko chuoni," alimwambia, "uliza dawa ya macho ya ndama. Wangu wanapofuka."

"Ndiyo, baba," Nemayian akasema, akarudi kwenye ndoo yake. Akasugua bomba lilelile mara tatu. Naanyu hakuja kumshika. Alimwacha amalize kazi.

Kiongozi wa Landisi akapiga kiganja kwenye ukuta wa josho. "Kaa huku," alimwambia Nkoitiko. Wakasogea, wakaacha nafasi kati ya Lomayani na mtu mwingine mwenye tumbo. Nkoitiko akakaa. Kibuyu kikaletwa, kikapita kutoka mkono hadi mkono, na alipokipokea kilikuwa na joto la viganja vya watu aliowachukia kwa zaidi ya miaka ishirini. Akanywa. Alikuwa ameshinda, na hakuna furaha aliyoisikia ila uchovu, na hasira ya zamani iliyokuwa haijui tena iende wapi. Mtu mwenye tumbo akaanza kumsimulia magoti yake yanavyouma asubuhi, kama mzee kwa mzee.

Ng'ambo ya josho Korianga walikuwa wanainuka kuondoka, wanataniana, mmoja anamvuta mwenziwe shuka. Nkoitiko alitaka kuwaita wamsubiri, kama siku zote. Hakujua sasa awaiteje.

Alimfikia Meitamei kwenye njia ya ng'ombe, jua likiwa linashuka. Alitembea haraka kumkuta, na tayari alikuwa na neno mdomoni, la kichwa kikubwa, la kumwuliza mbona alikaa kimya vizuri hivyo leo, nani kamfundisha. Meitamei alisikia hatua, akageuka. Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli kwa ajili ya mtoto, na ulikuwa karibu kucheka. Kisha ukakumbuka. Akahamisha fimbo kwenda mkono wa kushoto, akasogea pembeni ya njia ampishe mkubwa apite, akainama kidogo.

"Shikamoo," Meitamei alisema.

Nkoitiko alisimama. Vumbi la ng'ombe waliotangulia lilikuwa bado halijatua. Alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsuka kichwa siku nzima, miaka mingi iliyopita, akatafuta jibu jingine, lolote, hakulipata.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo sana.